Plasta na bigijii za nikotini, uzoefu wangu wa kuacha sigara

Wengi mnauliza kama plasta za kubandika kwenye ngozi na bigijii zenye nikotini, ile kemikali ya tumbaku inayomfanya mtu ashindwe kuacha, zinasaidia kweli kuacha sigara. Nianze na jibu kabisa maana najua wengine mnasoma hapa huku arosto, yale mateso ya kukosa sigara, imewashika: zinafanya kazi. Ila tumia zote mbili kwa pamoja, na bigijii uitafune inavyotakiwa. Ukichukua moja tu afu ukaitumia kivyako vyako utakuja kusema ni dawa feki, na nimewasikia wengi sana wakisema hivyo na inaniuma kwa kweli, kwa sababu mtu anarudi kwenye fegi akiamini yeye ndo hana nguvu ya kuacha kumbe hajaelekezwa tu.

Mimi nilikuwa mvutaji wa ile aina ambayo hata mswaki sijapiga ya kwanza ishawashwa. Na mfamasia aliyenihudumia hilo ndo lilikuwa swali lake la kwanza, hakuanza na navuta pakti ngapi, aliniuliza ukishaamka inapita muda gani mpaka sigara ya kwanza. Nikashangaa kidogo ila akanielewesha vizuri, kama unawasha ndani ya nusu saa tangu uamke basi mwili umeshazoea sana nikotini na unapewa bigijii ya miligramu 4, kama unaweza kukaa zaidi ya hapo ya miligramu 2 inakutosha. Kwenye plasta sasa ndo akauliza idadi. Anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku kwa kawaida anaanza na ile ya kuvaa masaa 24 yenye miligramu 21 kwa wiki kama 6, anashuka 14 kwa wiki 2 hivi, anamalizia na 7. Halafu zipo zile za kuvaa masaa 16 tu ambazo zenyewe zinaanza 25 zinashuka 15 na 10, kwa hiyo usichanganyikiwe ukiona namba za boksi lako hazifanani na za rafiki yako, ni aina mbili tofauti.

Sasa plasta. Jambo ambalo lazima ulijue kabla hujabandika ni kwamba hutasikia kitu. Ukivuta moshi nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde kama 10 mpaka 20, ndo maana pafu moja tu unajisikia umetulia, yaani ule mshtuko mtamu ndo ubongo umeufanya mfalme. Plasta inapenya kwenye ngozi taratibu mno na inachukua masaa kadhaa mpaka kiwango kipande kwenye damu. Mtu anabandika, anakaa dakika 20 anasubiri ile raha, haioni, anabandua anatupa. Hapana jamani, raha haitakuja, kazi yake ni kukufanya usishuke mpaka chini kabisa, ule mtetemeko wa mikono na hasira za bila sababu zipungue uweze kufanya kazi na kuongea na watu kama binadamu.

Mimi nabandika asubuhi nikitoka kuoga, ngozi ikiwa imekauka kabisa na kabla sijapaka mafuta wala losheni, sehemu isiyo na nywele, mkono wa juu au kifuani au mgongoni karibu na bega. Unaibandua ile karatasi ya nyuma bila kuigusa gusa sehemu yenye gundi, unaibandika unaikandamiza na kiganja sekunde 10 hivi, hasa pembeni maana pembeni ndo inaanza kunyanyuka ukitoka jasho. Saa la kwanza inawasha kidogo, ni kawaida. Jioni ukiitoa inaacha alama nyekundu yenye umbo lake kabisa na inafutika yenyewe. Kesho yake hamia sehemu nyingine, ile ya leo iache ipumzike kama wiki hivi. Ila ukiona pamevimba au vipele vinatambaa nje ya ilipokuwa plasta usilazimishe, toa umuone daktari. Na nawaomba sana wenye watoto, plasta iliyotumika bado ina nikotini ndani, ikunje gundi kwa gundi uitupe mahali ambapo mtoto hafiki wala mbwa au paka.

Ndoto. Hii nilikuwa sijaambiwa na nadhani kila muuzaji angesema. Ukilala na plasta ya masaa 24 unaota ndoto kali, zina rangi, zina sauti, ndefu kama sinema, unaamka umechoka. Mfamasia akasema itoe ukienda kulala, nikafanya hivyo na usingizi ukarudi. Hasara yake ni kwamba asubuhi unaamka mwili mtupu, na asubuhi kwa mvutaji wa aina yangu ndo saa mbaya kuliko zote, kwa hiyo bigijii inakaa pembeni ya kitanda na inaanza yenyewe kabla ya kitu chochote huku plasta mpya ikipanda taratibu.

Bigijii ndo nataka niongee kwa urefu, maana hapa ndo watu wanapopotelea. Ile sio bigijii ya kutafuna na kupiga mapovu. Kuna jamaa yangu kazini aliweka mdomoni akaitafuna harakaharaka kama ya kawaida, dakika mbili tatu kwikwi zikaanza, tumbo likamchafuka, kooni panaunguza, akaitema na mpaka leo akiona boksi anageuza sura. Kilichotokea ni kwamba nikotini yote ilitoka kwa pamoja akaimeza na mate, na nikotini ukiimeza haikusaidii, inaenda tumboni inakuletea kiungulia na kichefuchefu na sehemu kubwa inasagwa na ini kabla haijafika popote. Inatakiwa iingie kwa kupitia ngozi laini ya ndani ya shavu.

Kwa hiyo unafanya hivi: unaing'ata polepole, mara chache tu, mpaka usikie pilipili. Mtaijua, kwenye kingo za ulimi panaanza kuchoma choma na ladha inageuka kama tumbaku iliyochanganywa na minti, sio tamu hata kidogo na sitawadanganya. Hapo hapo unaacha kutafuna, unaisukumia kati ya shavu na fizi, unaituliza. Ile pilipili ikififia, kama dakika moja hivi, unatafuna tena kidogo, inachoma, unaipeleka shavu la upande wa pili. Unaenda hivyo hivyo nusu saa nzima mpaka haichomi tena, basi imeisha. Siku za mwanzo taya zinauma kidogo, zinazoea. Wenye meno ya bandia hii inaweza kung'ang'ania, bora muulizie vile vidonge vya kumung'unya, kazi ni ile ile.

Na kitu kingine ambacho kinaharibu kila kitu na hakisemwi vya kutosha: kahawa, soda, juisi ya matunda yenye uchachu. Mdomo ukiwa na asidi nikotini haipenyi vizuri kwenye shavu, kwa hiyo dakika 15 kabla ya bigijii na muda wote iko mdomoni usinywe wala kula, maji tu. Fikiria sasa mtu anatafuna huku anakunywa kahawa afu anasema haimsaidii, itamsaidiaje na mlango umefungwa?

Usisubiri mpaka arosto ikukabe koo ndo uanze kuitafuta mfukoni. Wiki za mwanzo ni moja kila baada ya saa moja au mawili ukiwa macho kama unatumia bigijii peke yake, na isizidi 24 kwa siku. Ukiwa na plasta unahitaji chache zaidi ya hapo, unaziweka kwenye zile saa unazozijua mwenyewe, baada ya kula, ukimaliza simu ya mtu aliyekuudhi, ukikaa na wale mliokuwa mnavuta nao. Kule kwenye plasta hakuna nguvu ya kuzima shambulio la ghafla, na bigijii peke yake inakupandisha na kukushusha siku nzima, ndo maana nasema zote mbili. Sio maneno yangu tu, tafiti zilizolinganisha zimeonyesha wanaochanganya plasta na dawa ya nikotini ya haraka kama bigijii wanafanikiwa kuacha kuliko wanaotumia moja peke yake.

Historia yake niliisoma nikapenda. Mwaka 1967 mtafiti mmoja wa Uswidi anaitwa Claes Lundgren aliona mabaharia wa nyambizi, ambako huwezi kuvuta, wanahamia kwenye tumbaku ya mdomoni na wanatulia. Akamwandikia Ove Fernö, mkemia wa kampuni ya dawa ya Leo mjini Helsingborg, kwamba kwa nini usitengeneze nikotini ya kuchukua bila moshi. Fernö mwenyewe alikuwa mvutaji. Ndo ikazaliwa hii bigijii, Marekani ikaruhusiwa mwaka 1984. Kwa hiyo anayekwambia ni pipi ya kibiashara mwambie imeanzia kwa watu waliokuwa wanateseka kama wewe chini ya bahari.

Sasa kuna hili swali ninaloulizwa kila siku, si unabadilisha uraibu kwa uraibu? Naelewa linatoka wapi, mimi pia mke wangu aliniuliza. Jibu ni kwamba nikotini ndo inakushika ila moshi ndo unaoua. Kwenye moshi wa sigara kuna kemikali zaidi ya 7,000, na angalau 69 zinajulikana kuleta kansa, kuna lami, kuna ile gesi ya kaboni monoksaidi inayokaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Plasta haina lami, haina gesi hiyo, na kwa sababu inakuja polepole ni vigumu mtu kuiraibikia kama sigara. Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Ila mjamzito, aliyepata shambulio la moyo karibuni, na walio chini ya miaka 18, hawa waanze kwa daktari na sio kwa muuzaji.

Arosto yenyewe inakuwaje hata ukiwa na plasta? Ipo, nisiwaambie haipo. Siku ya pili na ya tatu ndo kilele, hasira, kutotulia, akili haishiki kitu, njaa ya ajabu. Inaanza kulegea, na kwa wengi wiki 2 mpaka 4 makali yameisha. Lakini ile hamu moja moja inayokupiga ghafla haikai, dakika chache tu inapita hata usipofanya chochote, na ukilijua hilo unapata ujasiri wa kuisubiri. Mimi nilikuwa natoka nje natembea, bigijii shavuni, nasubiri tu. Wengine wanaota vidonda mdomoni, wengine choo kinagoma, kikohozi kinaweza kuongezeka kidogo mwanzoni, msitishike. Uzito pia unapanda, kwa wengi kilo 4 au 5 ndani ya mwaka wa kwanza, na bado ni nafuu mara nyingi kuliko kuendelea kuvuta.

Kahawa nairudia kwa sababu nyingine kabisa. Moshi wa sigara unalifanya ini liiondoe kafeini haraka, na ni moshi, sio nikotini, kwa hiyo ukiacha hata kama umevaa plasta kafeini inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Vikombe vile vile ulivyozoea vinaanza kukupa moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, usingizi hakuna, na wewe unadhani ni arosto unakimbilia fegi. Punguza nusu. Nilipopunguza nilihisi kama nusu ya mateso yameondoka. Kwa sababu hiyo hiyo kuna dawa ambazo dozi zake zinaweza kuhitaji kubadilishwa mtu akiacha kuvuta, kama theophylline ya kifua, clozapine ya magonjwa ya akili, warfarin ya kuzuia damu kuganda, na wenye kisukari wanaotumia insulini waangalie sukari yao kwa karibu, mwambie daktari wako kwamba unaacha.

Na ikitokea mtu amevuta moja akiwa na plasta? Watu wanatishana kwamba moyo unasimama. Usibandue plasta kwa hofu, zima hiyo sigara, uendelee na dawa kama kawaida. Waliopoteza kila kitu ni wale waliosema nimeshaharibu basi wakatupa boksi zima.

Malalamiko yangu kwa watengenezaji: maandishi ya kile kikaratasi ndani ya boksi ni madogo mno na namna ya kutafuna, ambayo ndo kila kitu, imefichwa katikati ya maonyo. Ingechorwa nje ya boksi, kwa picha. Na zile plasta zisizo za rangi ya ngozi yoyote ya kwetu zinaonekana kutoka mbali, ningependa zinazopitisha mwanga ziwe nyingi.

Nilishuka ngazi kwa ngazi, kutoka 21 kwenda 14 nilihisi siku chache tu, 14 kwenda 7 sikuhisi chochote, na bigijii nilihama kwenda za miligramu 2 afu nikawa naongeza nafasi kati ya moja na nyingine. Maboksi yanasema wiki kama 10 mpaka 12, msikatishe kwa sababu mnajisikia vizuri wiki ya tatu, mnajisikia vizuri kwa sababu dawa iko mwilini. Plasta sivai tena. Bigijii moja moja bado naweka baada ya chakula cha usiku, mfamasia anajua na kasema nisijibane, nitaiacha yenyewe ikifika wakati wake.