Kuchuliwa au kuvaa banzi: mkono wa mbangua korosho

Anayebangua korosho Mtwara siku nzima huamka vidole vimekakamaa. Wengine hukimbilia kuchuliwa kwa mafuta ya ufuta, wengine huenda Ligula hospitalini kuvishwa banzi, kifaa kigumu cha kushikilia kifundo cha mkono kisipinde.

Kama ni kukakamaa tu, kwangu kuchua kunashinda. Misuli ya kigasha hulegea, maumivu hupoa siku hiyo hiyo, na mama mchuaji yuko mtaa wa pili. Ila nafuu haikai ukirudi kubangua bila kupumzisha mkono.

Ganzi ni habari nyingine. Ikishika kidole gumba, cha shahada, cha kati na upande mmoja wa cha pete, tena ikakuamsha usiku, huenda neva (mshipa wa fahamu) imebanwa kwenye kifundo cha mkono. Inapita kwenye njia nyembamba kati ya mifupa na ukano mgumu. Kuchua hakuipanui, na kukandamiza papo hapo kunaweza kuzidisha ganzi. Banzi la usiku, linaloweka kifundo kimenyooka, linakera (kwa joto la Desemba utalilaani), lakini huipunguzia neva mbano. Nyama ya shina la kidole gumba ikianza kunywea, acha yote mawili, muone daktari upesi.