Pangaboi la mapanga yanayojikunja: chumbani nimelipenda, sebuleni silipeleki

Kama umeliona pangaboi hili kwenye video, mapanga yakichomoza pembeni mwa taa na kurudi yenyewe, na sasa unahesabu hela ya kulinunua, jibu langu ni hili: linunue kwa chumba cha kulala, au chumba chochote kidogo chenye pointi moja ya umeme katikati ya dari. Kwa sebule, na joto hili la Dar, pangaboi la kawaida la inchi 56 bado halijapata mpinzani.

Nasema hivyo baada ya kupita nalo msimu mzima wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, ile miezi ambayo hapa Tabata hata saa nane usiku shuka linanata mwilini. Pangaboi likivumilia miezi hiyo, Juni na Julai litakuwa linapumzika tu.

Kilichonifanya nilitake ni taa. Nyumba nyingi za kupanga zina pointi moja tu katikati ya dari kwa kila chumba. Ukifunga pangaboi pale, taa inahamia ukutani, na mara nyingi inakaa juu kuliko mapanga. Matokeo yake kila panga likipita mbele ya taa, kivuli kinakimbia chumba kizima. Mtoto akisoma daftari lake chini ya kile kivuli, dakika chache tu anaanza kufikicha macho. Kwenye hili la kujikunja taa ya LED iko chini kabisa, mapanga yanazunguka juu yake, kwa hiyo hakuna kivuli kinachocheza. Mwanga wa chumba umetulia kweli, na kwangu hilo pekee limelipa nusu ya bei yake.

Sasa lenyewe linavyofanya kazi. Likiwa limezimwa, mapanga manne ya plastiki angavu yamelala yamepishana juu ya duara la taa, na mgeni anadhani ni taa ya urembo tu. Ukibonyeza rimoti, mota inaanza taratibu. Kitu kikizungushwa kwa kasi hutaka kukimbilia nje, na ndicho kinachotokea hapa: mapanga yanasukumwa nje na ule mzunguko wenyewe, hakuna mota ya pili ya kuyafungua. Kuyarudisha ni kazi ya springi. Ukizima, kasi inashuka, springi zinashinda, mapanga yanaingia yote kwa pamoja na mwisho unasikia "tak" ndogo. Ndani kuna gia inayoyaunganisha ili yafunguke sawasawa. Hiyo gia na zile springi ndizo za kuangalia kabla hujatoa hela, maana panga moja likichelewa au lisipofika mwisho, uzito unaegemea upande mmoja na pangaboi zima linaanza kuyumba.

Kuna watu wananiuliza kama ni salama zaidi kwa chumba chenye kitanda cha dabodeka, kwa kuwa mapanga yanajificha. Jamani, yanajificha likiwa limezimwa! Likiwaka yako nje yote, yanazunguka kama ya pangaboi lolote. Mapanga yanatakiwa yawe angalau mita 2.1 kutoka sakafuni, na mtoto wa kitanda cha juu akikaa tu, kichwa na mikono yake iko huko huko. Chumba cha dabodeka wekeni feni ya ukutani.

Tuje kwenye upepo, maana ndiyo kazi yake. La kwangu likifunguka lina inchi 42, yaani kama sentimita 107 kutoka ncha hadi ncha. La inchi 56 lina sentimita 142. Tofauti hiyo kwa mdomo ni ndogo, ila eneo ambalo mapanga yanafagia kwenye lile kubwa ni karibu mara 1.8 ya hili. Halafu kuna umbo. Ili mapanga yaweze kulala juu ya taa, yamekatwa kwa mkunjo na ni membamba, wakati panga la chuma la kawaida ni pana, refu, na limelazwa kwa mwinamo unaousukuma upepo chini sawasawa. Kwa hiyo ukilala chini yake moja kwa moja, upepo unakufikia vizuri na ni laini. Ukisogea kwenye kona ya chumba unausikia kwa mbali. Mama yangu alipokuja kunitembelea alikaa pembeni ya kitanda, akaliangalia, akasema, "Mwanangu, hiki kinapepea au kinapunga mkono?" Nilimwambia asogee katikati, na hapo akakubali. Akalala.

Chandarua nacho kina la kusema. Kile cha duara kinachoning'inia kwenye ndoano ya dari hakiwezi kukaa na pangaboi la aina yoyote juu ya kitanda. Cha pembe nne, kilichofungwa kwenye fremu ya kitanda, kinakaa vizuri, lakini neti inapunguza upepo, na kwa pangaboi hili ambalo upepo wake ni mdogo tangu mwanzo unausikia huo upungufu. Mimi chandarua sikiachi, kwa hiyo usiku naliweka spidi ya katikati badala ya ile ya chini. Spidi ya chini kabisa haitoshi kuyatoa mapanga hadi mwisho, yanabaki yamefunguka nusu na upepo unakuwa hauna maana.

Umeme ndipo nilipofurahi. La kwangu ni la mota ya DC, ile ya umeme wa mkondo mnyoofu, na kwenye boksi limeandikwa wati 35 kwa spidi ya juu. Pangaboi la kawaida la inchi 56 linakula kama wati 75. Likiwaka kwa muda wa saa kumi kila usiku, la kwangu linamaliza uniti 0.35 na lile 0.75. Kwa mwezi ni uniti 10 na nusu dhidi ya 22 na nusu, na anayenunua LUKU kidogo kidogo anajua uzito wa tofauti hiyo. Taa ni wati 36 ikiwaka yote, kwa hiyo ukilala na taa umerudisha karibu chote ulichookoa. Kumbukeni pia kwamba feni haipoozi chumba, inakausha jasho mwilini ndiyo maana unajisikia vizuri. Kuliacha linazunguka chumba kitupu ni kuchoma uniti bure.

Lakini hiyo DC ina gharama yake. Mota inaendeshwa na bodi ya elektroniki, na bodi haipendi umeme unaorudi kwa kishindo. Pangaboi la kawaida likigoma, mara nyingi ni kapasita, fundi yeyote mtaani anabadilisha na kazi imeisha. Bodi ya hili lazima iwe ya modeli ileile. Umeme ukikatika, nazima kwenye swichi ya ukutani na nasubiri utulie kabla sijawasha.

Na kuna jambo la usiku ambalo muuzaji hakulisema. Umeme ukikatika likiwa linafanya kazi, ukirudi halikumbuki lilikuwa kwenye hali gani. Pangaboi linabaki limezimwa na taa inawaka yote, nyeupe, saa tisa usiku, usoni. Chumba kizima kinaamka. Linanikera kuliko kitu kingine chochote kwenye kifaa hiki, na sioni kwa nini watengenezaji wasilishughulikie. Ile swichi ya ukutani inasaidia ukiiwahi kabla umeme haujarudi, basi.

Fundi aliyelifunga alikuwa makini. Kitu cha kwanza aliangalia ukutani akasema, "Dada, hii regyuleta ya feni ya zamani tunaitoa, tunaweka swichi ya kawaida. Ukiiacha itaua risiva ya rimoti." Yuko sahihi kabisa, feni ya rimoti haitaki regyuleta, ile swichi ya ukutani ya kupunguza na kuongeza spidi, nyuma yake. Cha pili alipanda darini. Dari yangu ni ya jipsamu, na jipsamu haibebi kitu kizito kinachozunguka, kwa hiyo alipitisha ubao kati ya mbao mbili za kenchi na kufunga bolti kwenye ule ubao. Fundi akikuambia skrubu na plagi za plastiki zinatosha kwenye jipsamu, mshukuru na utafute mwingine.

Usafi unataka uvumilivu. Vumbi linaingia kati ya mapanga yaliyopishana na huwezi kuliona mpaka siku ukiwasha likumwagikie kitandani. Zima umeme, vuta panga moja kwa mkono taratibu, mengine yatafuata kwa sababu ya ile gia. Futa kwa kitambaa laini chenye maji na sabuni kidogo. Stili waya itayachuna, na thina itayatia ukungu usiotoka.

Kwenye rimoti kuna kitufe cha kugeuza mzunguko. Kimewekwa kwa ajili ya nchi za baridi, kusukuma upepo juu ili hewa ya moto iliyoganda darini ishuke. Hapa Dar hatuna kazi nacho, ila mtoto akikibonyeza utadhani pangaboi limeharibika: linazunguka na upepo hakuna. Kabla ya kumpigia fundi, bonyeza hicho kwanza.

Bei yake Kariakoo ni zaidi ya mara tatu ya pangaboi la kawaida, na inategemea duka na maneno yako. Ukifika, usikubali kuonyeshwa boksi. Mwambie muuzaji alining'inize na kuliwasha mbele yako, aliache lifike spidi ya juu kisha alizime, arudie. Simama chini uangalie kama mapanga yote manne yanatoka pamoja na yanarudi yote. Muulize kama mota yake ni AC, ile ya pangaboi la kawaida, au DC, na kama ni DC, kama ana bodi na rimoti ya akiba ya modeli hiyohiyo. Duka la kwanza nililoingia walisema bodi zitakuja na mzigo ujao. La pili muuzaji alipanda ngazi ya stoo akashuka na bodi mkononi, na hapo ndipo nilipolipa.