Kujiunga na chama cha upinzani au kusimama kivyenu?

Vijana wa Chuo Kikuu cha Maseno wanaobishana kibandani jinsi ya kuendesha harakati zao, chai ikipoa, wana njia mbili.

Chama kina mawakili, ofisi mashinani na wabunge wa kupiga kelele mtu akikamatwa. Enzi za chama kimoja wanafunzi hawakuwa na ngao hiyo: Titus Adungosi, mwenyekiti wa SONU, chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alifungwa miaka 10 baada ya jaribio la mapinduzi la 1982, akafia gerezani 1988. Zimbabwe, kina Nelson Chamisa walitoka vyuoni wakapata jukwaa la nchi nzima ndani ya chama cha upinzani cha MDC.

Lakini chama kina bei yake, na hapa Kisumu tunaijua. Juni 2024 Gen Z waliingia barabarani bila kuitwa na chama chochote, na Rais Ruto akakataa kutia saini Mswada wa Fedha waliokuwa wakiupinga. Serikali ilikosa kiongozi wa kumvuta pembeni. Ilipotafuta washirika, ilienda ODM, chama cha upinzani wakati huo: viongozi wake Mbadi na Wandayi wakapewa wizara. (Najua nitanuniwa Kondele, ngome ya ODM hapa Kisumu.)

Mimi ningesimama kivyetu, ila namba ya wakili iandikwe mkononi kwa kalamu kabla ya kutoka bwenini, kwa sababu simu ndiyo huchukuliwa kwanza.