Dawa ya kuhifadhi petroli kwenye mashine ya kukata nyasi: uzoefu wangu wa majira mawili ya baridi

Nimetumia dawa ya kuhifadhi petroli, yaani kimiminika kinachotiwa kwenye petroli ili isichakae haraka, kwa majira mawili ya baridi katika mashine ya kukata nyasi yenye injini ndogo ya silinda moja na mapigo manne, ile inayowashwa kwa kuvuta kamba. Mara ya kwanza niliitumia vibaya na injini ikakataa kabisa kuwaka. Mara ya pili niliitumia ipasavyo, nayo ikawaka nilipovuta kamba mara ya pili tu. Dawa ilikuwa ileile na injini ileile, kwa hiyo tofauti ilitokana na jinsi nilivyoitumia, na hilo ndilo ninalotaka kulieleza kwa yeyote anayefikiria kuinunua.

Mwaka wa kwanza niliiingiza mashine stoo tangi likiwa nusu, tena kwa petroli iliyokuwa imekaa kwenye dumu tangu katikati ya kiangazi. Nilimimina dawa, nikafunga kifuniko, wala sikuiwasha injini hata kwa dakika moja. Baridi ilipokwisha nilivuta kamba zaidi ya mara 30 bila kusikia hata mlipuko mmoja. Nilipofungua plagi niliikuta kavu, na hapo nikajua kwamba petroli haifiki kwenye silinda, kwani kama plagi ingetoka imelowa ningeanza kutafuta hitilafu upande wa cheche au wa choki, yaani kilango kinachopunguza hewa wakati wa kuwasha injini baridi.

Nilijaribu pia dawa ya kunyunyizia yenye etha, ambayo watu wengi huikimbilia. Injini ilinguruma kwa sekunde mbili tatu ikazimika, na ikawa hivyo kila niliponyunyiza. Kwa kupima ina faida, kwa sababu injini ikinguruma kwa etha na kukataa kwa petroli, basi cheche ipo, mgandamizo wa hewa ndani ya silinda upo, na tatizo liko kwenye njia ya mafuta. Lakini siipendekezi kama njia ya kuwashia kila siku: etha hulipuka kwa nguvu na mapema kuliko petroli, haina ulainisho wowote, na huosha oili kwenye kuta za silinda.

Ilinibidi kufungua kabureta, sehemu inayochanganya petroli na hewa. Bakuli lake, ambamo petroli husubiri kutumika, lilishikwa na bolti moja chini, na ndani nilikuta petroli ya rangi ya chai ya rangi iliyokolea, yenye harufu kali ya vanishi. Katika injini yangu, kama zilivyo nyingi za aina hii, bolti hiyohiyo ndiyo jeti kuu, yaani inayopima petroli inayoingia kwenye injini, na kitundu chake, ambacho ni chembamba kama tundu la sindano, kilikuwa kimezibwa na utomvu mgumu. Nilikizibua kwa unyuzi mmoja wa waya wa shaba, si kwa sindano ya chuma inayoweza kukwaruza jeti na kupanua tundu, kisha nikasafisha kila njia kwa dawa ya kabureta na kuweka gasketi mpya. Injini iliwaka siku hiyohiyo.

Kwa nini dawa haikunisaidia? Petroli ikikaa, sehemu zake nyepesi, ambazo ndizo zinazoshika moto kwa urahisi injini ikiwa baridi, huvukiza kwanza, na kinachobaki hukutana na oksijeni na kugeuka utomvu taratibu. Ikiwa imechanganywa na ethanoli, ambayo mara nyingi hufika asilimia 10, huvuta pia unyevu wa hewani. Dawa ya kuhifadhi hupunguza kasi ya mabadiliko hayo, lakini haiwezi kuirudisha petroli iliyokwisha kuchakaa. Zaidi ya hayo, dawa yangu ilibaki kwenye tangi, ilhali bakuli la kabureta, lenye petroli kidogo sana na tundu la kupumulia, lilibaki na mafuta yasiyo na dawa hata tone. Kosa hili la pili ndilo lililonigharimu zaidi, na maelezo ya chupani yanalitaja kwa maandishi madogo mno; kwangu hiyo ni kasoro halisi ya bidhaa.

Mwaka wa pili nilichukua petroli mpya, nikatia mililita 15 za dawa kwa lita 5 kama chupa inavyoelekeza, nikajaza tangi karibu na juu nikiacha nafasi ndogo ya mafuta kutanuka, kisha nikaiacha injini ifanye kazi dakika 10 ili mchanganyiko ufike kwenye bakuli na kwenye jeti. Baada ya miezi 5 nilibonyeza pampu ya mpira mara 3, nikafunga choki, nikavuta. Mara ya kwanza ilikohoa, mara ya pili ikawaka, na moshi kidogo ukaisha kabla ya dakika moja.

Chupa inaahidi miaka 2 ya kuhifadhi. Mimi ninaweza kuthibitisha miezi 5 peke yake. Kifuniko cha kupimia kina alama za kipimo kikubwa tu, hivyo mwenye tangi dogo atahitaji bomba la sindano ili apime sawasawa. Asiyetaka kuinunua anaweza kumaliza petroli yote kwa kuiacha injini ifanye kazi hadi izimike, kisha alegeze bolti ya bakuli ili mabaki yatoke. Nimefanya hivyo kwenye mashine yangu ya zamani, nayo iliwaka baada ya kuvuta mara 4.

Kabla ya kuilaumu dawa au petroli, hakikisha mpini wa usalama umebanwa kwenye ushikio, kwa sababu ukiachiwa hukata cheche na kamba itavutwa bure. Na kabla ya kugusa kisu, vua kofia ya plagi. Ukiilaza mashine, upande wa filta ya hewa uwe juu, la sivyo oili huingia humo.

Chupa yangu bado ina zaidi ya nusu. Nimeandika juu yake tarehe niliyoifungua, kwa kuwa dawa yenyewe nayo huchakaa ikishafunguliwa.