TAHADHARI: "Michoro halisi" ya Hergé inayouzwa mtandaoni kwa euro mia chache

Ndugu zetu wa Brussels, Antwerpen, Paris hadi Lubumbashi mnaokusanya kazi za katuni, kuna wauzaji wanaotangaza michoro ya majalada ya vitabu na ya matangazo ya biashara wakidai ilitoka mkononi mwa Hergé, mchoraji wa Tintin. Msitume pesa kabla ya kusoma haya.

Anzeni na bei. Mchoro wa jalada alioutengeneza 1936 kwa ajili ya Le Lotus bleu, kitabu cha Tintin, ambao haukutumika kwa sababu kuuchapa na rangi zote zile kungekuwa ghali, uliuzwa mnadani Paris Januari 2021 kwa zaidi ya euro milioni 3. Hata karatasi yenye michirizi ya penseli tu, ikiwa historia yake inathibitika, haiuzwi kwa bei ya simu.

Kwa hiyo tapeli mjanja hauzi jalada mashuhuri. Anauza tangazo. Miaka ya 1930 Hergé alikuwa na karakana ya matangazo, na kazi zake zilitiwa saini "Atelier Hergé". Wanunuzi wengi hawazijui kazi hizo, na hapo ndipo mwanya ulipo. Isitoshe, saini ya karakana si ushahidi kwamba kila mstari aliuchora yeye mwenyewe.

Bidhaa nyingi zinazopitishwa kama mchoro halisi ni chapa, yaani nakala zilizochapwa, si zilizochorwa kwa mkono. Nakala za kifahari huchapwa kwenye karatasi nene na kuandikwa namba pembeni, mfano 45/100, yaani nakala ya 45 kati ya 100. Muuzaji anakata ukingo wenye namba, anaitia kwenye fremu ya kioo, basi imekuwa "original". Dai itolewe kwenye fremu, uitazame kwa lenzi ya kukuza mara 10. Vidoti vya samawati, majenta, njano na vyeusi vilivyojipanga kama petali ni ofseti, yaani uchapaji wa mashine za kiwandani. Vinyunyu vya wino vilivyotawanyika pembeni mwa mstari mweusi ni printa. Chapa ya skrini, ambayo wino husukumwa kupitia kitambaa chembamba, kwa kawaida haina vidoti, kwa hiyo imulike kwa taa kutoka ubavuni. Weusi wa brashi haulingani: pana mng'ao hapa, ufifi pale, na viharusi vinavyopandana. Rangi nyeupe ya kufutia makosa huwa imeinuka kidogo juu ya karatasi. Kwenye chapa, yote hayo yamelala sawasawa.

Halafu kuna zilizofuatishwa kwa mkono juu ya meza ya mwanga, yaani kioo chenye taa chini yake. Hizi ni hatari zaidi, kwa sababu wino ni wa kweli. Angalia mstari wenyewe: anayefuatisha huenda polepole, mstari unatetemeka, na kila aliposita wino umevimba. Pima ukubwa pia. Kazi ya kuchapwa kwa kawaida ilichorwa kubwa kuliko kitabu, kisha ikapunguzwa kwa kamera. Mchoro unaolingana na jalada lililochapwa milimita kwa milimita ni wa kutilia shaka sana. Na pale ambapo mstari ulikatika kwenye chapa, kwenye mchoro wa tapeli nao umekatika.

La tatu linawanasa hata wazoefu. Baada ya vitabu kuanza kutoka kwa rangi 1942, rangi zilipakwa kwenye karatasi iliyochapwa mistari hafifu ya buluu au kijivu, na mistari myeusi ikawekwa juu kwenye plastiki inayopitisha mwanga. Karatasi hizo ni za kweli na zina thamani yake, ila mara nyingi rangi zilipakwa na wasaidizi, na mistari ya plastiki ni chapa. Muuzaji anapanga vyote viwili, anavipiga picha kama kitu kimoja. Omba picha ya kila tabaka peke yake.

Kuhusu karatasi, taa ya kukagulia noti inasaidia. Karatasi nyingi nyeupe zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 1950 zina kemikali ya kung'arisha, na gizani chini ya taa hiyo hutoa mwanga wa buluu. Mchoro "wa 1934" uking'aa hivyo, mjadala umekwisha. Usipong'aa, bado hujathibitisha kitu, maana karatasi tupu za zamani hukatwa kwenye vitabu chakavu. Wengine huzichovya kwenye chai: rangi huwa sare mbele na nyuma, na kingo nyeusi zaidi.

Cheti cha uhalisi alichochapa muuzaji mwenyewe hakina maana yoyote. Kinachohitajika ni risiti ya nyumba ya mnada yenye tarehe na namba ya bidhaa, kisha uwapigie mnada wenyewe kwa namba uliyoitafuta wewe, si aliyokupa yeye. Akikuahidi pia "haki za kuchapa fulana", kataa: kumiliki karatasi si kumiliki hakimiliki, nayo Ulaya inalindwa hadi mwisho wa 2053.

Ukiombwa ulipe kwa njia ya "kumtumia rafiki", au kwa kampuni ya usafirishaji ambayo hujawahi kuisikia, acha.

Aliyekwisha kulipa apige simu benki leo hii, kesho ni kuchelewa, aombe malipo yazuiwe. Hifadhi tangazo, mazungumzo na namba ya akaunti, kisha toa taarifa polisi. Ukinunua mtandaoni kwa mfanyabiashara aliye ndani ya Umoja wa Ulaya una siku 14 za kurudisha. Kwa mtu binafsi huna haki hiyo. Na usiuze tena kitu ulichokwisha kugundua ni feki ili urudishe hela yako, kwa kuwa hapo kosa la jinai linakuwa lako.