Fumbo la Bolti na Boriti: Nimelifungua, Sasa Nikuelezeni

Asalaam aleikum jamaa zangu, karibuni. Leo mezani hakuna simu wala blenda ya kuwachambulia. Kuna karatasi hii moja, penseli, na kahawa tungu iliyokwisha poa, maana nimekaa na fumbo hili la jiokeshi siku nne na jana jioni ndipo lilipofunguka.

Kwa wasioujua mchezo wa jiokeshi: mtu huficha kopo mahali, hutangaza vipimo vyake vya GPS, nawe unalisaka kwa simu yako. Ukilipata unaandika jina kwenye kitabu kilichomo, unalirudisha kama ulivyolikuta. Mchezo ulianza Marekani tarehe 3 Mei 2000, mara tu serikali yao ilipoacha kuzivuruga ishara za GPS zinazotumiwa na raia. Dave Ulmer akaficha ndoo karibu na Beavercreek, Oregon, akatoa vipimo vyake, na watu wakaifuata.

Hili la kwetu limetungwa na kijana anayesomea uhandisi wa ujenzi hapa Mombasa. Kwenye ramani utaona alama ya kuuliza pale Mapembeni, Barabara ya Moi. Tafadhali usiende kupekuapekua chini ya zile sanamu za pembe za ndovu. Alama ya kuuliza maana yake kopo haliko hapo. Mahali penyewe pako ndani ya kilomita tatu, na fumbo ndilo litakalokufikisha.

Sasa tuje kwenye utamu wake. Ngoja niisogeze kamera. Mnaiona picha hii iliyomo kwenye fumbo? Ni sanamu ya chuma. Mwaka 1986 Duane Ellifritt, profesa wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Florida, aliona wanafunzi wake wanahangaika kuelewa viungo vya chuma kwa kutazama michoro ya karatasi. Akabuni mnara mmoja uliokusanya viungo vya kila namna: boriti kwa nguzo, boriti kwa boriti, vilivyofungwa kwa bolti, vilivyochomelewa. Ukasimamishwa chuoni, mwanafunzi akawa anauzunguka na kuugusa. Taasisi ya Ujenzi wa Chuma ya Marekani ikausambaza ubunifu huo, na leo minara kama huo imesimama kwenye vyuo vingi. Mpita njia huiona sanamu. Mhandisi huliona darasa.

Swali la pili la fumbo linakuuliza: katika picha hii, ni viungo vingapi vinavyoiachia boriti icheze kichwa, yaani izunguke kidogo pale ilipofungwa, na ni vingapi vinavyoishika isicheze? Hapo nilikwama kabisa. Nikaichukua picha nikampelekea fundi mmoja wa kuchomelea mageti mtaani kwetu. Akaitazama, hakusema neno, akaokota kipande cha boriti, chuma kile chenye umbo la herufi I. Akakifunga kwenye nguzo fupi kwa bolti mbili kwenye mbavu ya kati tu, ule ukuta uliosimama wa hiyo I. Akaniambia, “Haya, kandamiza ncha kwa mguu.” Nikakandamiza, ncha ikashuka kidogo, nguzo ikatulia kimya. Kisha akawasha mashine, akachomelea kwenye nguzo bawa la juu na bawa la chini, zile sehemu bapa za juu na chini ya I. “Kandamiza tena.” Jamani, boriti haikucheza. Safari hii ilitikisika nguzo! Nguvu yote ya mguu wangu ilipita kwenye kile kiungo ikaingia kwenye nguzo. Nilisimama pale nikaona kama nimefunguliwa dirisha. Swali moja la mchezo limenifundisha kitu ambacho nimekipita miaka yote kwenye mapaa ya maghala na vibanda vya mabati bila kukiona. Kwa hilo peke yake, mtungaji apewe maua yake.

Maswali mengine ni ya hapa nyumbani. Moja linatumia mwaka lilipofunguliwa Daraja la Nyali tunalolipita sasa, 1980, na jingine mwaka wa lile la kuelea lililotangulia, 1931. Wazee wetu wengi wanalikumbuka lile la kuelea, kwa hivyo muulize babu yako kabla ya kuuliza intaneti.

Majibu hukupa tarakimu sita za mwisho za vipimo vya GPS, zile zinazofuata nukta ya dakika: tatu za kusini na tatu za mashariki. Hesabuni kwa makini. Tarakimu ya mwisho ukiikosea kwa moja umepotea kama mita mbili, kopo bado liko karibu na mkono wako. Ya kwanza ukiikosea kwa moja umehama mita 185, na kisiwani petu mita 185 zinatosha kukutoa nchi kavu. Mimi jaribio la kwanza ramani ilinionyesha katikati ya maji ya Tudor, ndipo nikajua kuna jibu moja limekwenda kombo.

Na hapo ndipo lawama yangu ilipo. Swali la nne linataka idadi ya bolti kwenye kiungo kimoja, lakini picha imepigwa kutoka upande mmoja na bamba limezificha baadhi. Nilipata sita, kumbe nane. Anayejua kazi atakisia kwamba upande wa pili unafanana na wa kwanza. Anayeanza hana njia ya kujua. Mtungaji, kaka, weka picha ya pili ya upande wa nyuma. Fumbo litabaki gumu, lakini litakuwa la haki.

Kopo lenyewe sitalionyesha, wala sitasema liko wapi. Niseme tu kwamba hutalazimika kuchimba, na halikuwekwa kwenye daraja wala karibu na bandari, mahali ambapo mtu anayepapasa vyuma angetiliwa shaka. Hilo amelifikiria vizuri sana. Kifuniko kinabana sawasawa. Tatizo ni sumaku inayolishikilia: chumvi ya bahari imeshaanza kuila, vidole vyangu vilitoka na kutu nyekundu. Kitabu nacho kilikuwa na unyevu, kurasa mbili zimegandana. Nilikikausha kwa leso, nikakitia kwenye mfuko mpya wa plastiki wa kufunga.

Ugumu naupa nyota tatu na nusu kati ya tano. Njia ya kufika, nyota moja na nusu. Hata mwenye mtoto mgongoni atafika. Nendeni asubuhi kabla jua halijapanda, chukueni kalamu yenu, maana iliyomo imekauka wino. Na mkipita kwa fundi yeyote wa kuchomelea njiani, simameni mumwombe awaonyeshe kile alichonionyesha wangu. Mnunulieni na dafu.