GIMP 3 kwa picha za tovuti ya maktaba: nimeitumia Lubumbashi, niwaambie nilichokiona

Jambo yenu, baba na mama, na nyinyi vijana wenzangu. Leo kwenye meza nina GIMP, toleo la 3, programu ya kuhariri picha. Nitaichambua kwa kazi moja tu: kuandaa picha za kuweka kwenye tovuti ya maktaba. Picha za arusi tutazizungumzia siku nyingine.

Nina sababu. Huwa nasaidia maktaba moja ndogo hapa Kamalondo. Tulipofungua ukurasa wa kuonyesha vitabu vyetu vya zamani, mimi ndiye niliyepandisha picha 12 moja kwa moja kutoka kwenye simu, bila kuzigusa. Kila picha ilikuwa na mega 4. Pigeni hesabu: 12 mara 4 ni mega 48, na huo ni ukurasa mmoja tu! Mwanafunzi mmoja wa Katuba akanijia: "Yaya, ule ukurasa umemaliza mega zangu na kitabu sijakiona." Neno lile liliniuma. Mtu amenunua mega kwa pesa ambayo angenunulia mkate, halafu maktaba ndiyo inamlia.

Basi, GIMP. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley kule Marekani, Spencer Kimball na Peter Mattis. Hadi leo ni ya bure, na sheria yake inakuruhusu kuinakili na kumpa mwenzako. Hapo nataka mnisikilize vizuri. Mjini kuna watu wengi wanaotumia programu ghali zilizovunjwa kufuli la leseni, wamewekewa kwa flashi, na pamoja nazo wamewekewa virusi. Kompyuta ya maktaba ina orodha ya wasomaji, majina na namba zao za simu. Usiihatarishe kwa ajili ya kunyoosha picha. GIMP ni nzito kuishusha, ni zaidi ya mega 300, lakini mmoja akiishusha, wengine wote wanachukua kwake kwa flashi na hakuna aliyeiba. Ikishaingia kwenye mashine, haihitaji intaneti tena.

Tuitazame ikifanya kazi. Hii hapa ni picha ya ukurasa wa kwanza wa kitabu cha zamani. Tazameni chini kabisa, mahali pa mji kilipochapwa: Élisabethville. Ndilo lilikuwa jina la mji wetu mpaka 1966. Nilipiga picha hii usiku chini ya balbu, na mnaiona ilivyo: imekuwa ya manjano kama mawese, na ukurasa umelala upande.

Kwanza nanyoosha. Kile kifaa cha perspektivu kinakupa pembe nne. Unazivuta moja moja mpaka kingo za karatasi zisimame wima. Kukata pembeni kunakuja baada ya rangi, nitawaambia kwa nini; ukikata, acha ukingo kidogo wa karatasi ya kitabu uonekane, msomaji ajue kwamba ukurasa ni mzima.

Sasa rangi. Hapa ndipo watu wengi wanaharibu. Mashine yangu iko kwa Kifaransa, kwa hiyo nafungua "Couleurs", halafu "Niveaux". Mnaona vidonezi vitatu, alama ndogo za kuchukulia rangi, cheusi, cha kijivu na cheupe? Nachukua cha kijivu. Wakati wa kupiga picha niliweka karatasi mpya nyeupe kando ya kitabu. Iko hapa pembeni. Nabonyeza juu ya karatasi hiyo, si juu ya kitabu. Oneni. Manjano ya balbu yameondoka, na karatasi ya kitabu imebaki na rangi yake ya uzee, ya kahawia kidogo. Ningebonyeza juu ya kitabu chenyewe, programu ingeamini kwamba karatasi ya zamani ilipaswa kuwa nyeupe, ikaisafisha kama shati la Jumapili, na tungekuwa tumemdanganya msomaji. Kumbe basi, ile karatasi nyeupe ikatwe baada ya rangi, isikatwe kabla. Mimi mara ya kwanza niliikata mapema, ikabidi nianze upya.

Kupunguza ukubwa: "Image", kisha "Échelle et taille de l'image". Naandika upana wa pikseli 1200, yaani nukta ndogo zinazounda picha. Simu yangu inatoa pikseli 4000 kwa 3000, ambazo hakuna kioo cha simu kitakachozionyesha zote. Na hapa chini kuna sehemu ya rezolusheni, yaani pikseli ngapi kwa kila inchi ya karatasi. Mara nyingi mtu anakwambia, "Kwa tovuti weka 72." Jamani, nimejaribu mbele yenu: nimebadilisha kutoka 300 kuwa 72 bila kugusa pikseli, na picha ina pikseli zilezile. Namba hiyo inamhusu mtu wa kuchapa kwenye karatasi. Kwenye tovuti hesabu pikseli, basi.

Kisha kutoa faili. GIMP ukihifadhi kwa kawaida inaandika XCF, faili yake yenyewe, na tovuti haiwezi kuionyesha. Lazima upitie "Exporter sous", uandike jina linaloishia na .jpg. Wengi wanakasirika hapo wakiona programu inawasumbua. Mimi naipenda tabia hiyo, kwa sababu picha ya asili inabaki salama. Niliwahi kutumia programu nyingine ikaandika picha ndogo juu ya ile kubwa. Siku tulipotaka bango la maonyesho, picha ilitoka imechakaa, na kitabu kilikuwa kimesharudi kwa mwenyewe. Kwa hiyo weka folda mbili: moja ya asili, isiguswe na mtu, na nyingine ya tovuti.

Ubora nauweka 80. Faili imeshuka mpaka karibu kilobaiti 200. WebP, aina nyingine ya faili ya picha, ingeshuka zaidi, na GIMP inaitoa, lakini kuna wasomaji wetu wenye simu za zamani. Hata iPhone zilianza kuifungua mwaka 2020 tu. JPEG, ndiyo hiyo .jpg, kila simu inaifahamu. PNG, aina nyingine tena, iacheni kwa nembo.

Tafadhali, katika dirisha hilihili, ondoeni alama ya Exif, maelezo yaliyofichwa ndani ya faili ya picha. Simu ikiwa imewashwa GPS, Exif inabeba sehemu kamili picha ilipopigwa. Kwa ukurasa wa kitabu haina shida kubwa. Kwa picha ya watoto wakisoma, ni jambo zito, na wazazi wawe wamekubali kabla hujaipandisha. GIMP ikikuuliza mwanzoni kama igeuze picha isimame, kubali, maana ukishaondoa Exif, picha ambayo haijageuzwa inaweza kutokea imelala.

Jina la faili pia: lisiwe IMG na tarakimu nane. Hii nimeiita ukurasa-wa-kwanza.jpg, bila nafasi, bila herufi zenye alama. Na kwenye tovuti ninaandika maelezo ya picha kwa maneno, kwa sababu msomaji asiyeona anasomewa na simu yake. "Picha ya kitabu" haimsaidii. "Ukurasa wa kwanza wa kitabu cha zamani, karatasi ya kahawia, chini pameandikwa Élisabethville" inamsaidia.

Kasoro? Zipo. Kwenye kompyuta ya RAM ya giga 4 kuifungua mara ya kwanza kunachukua muda, na umeme ukikatika katikati bila betri, kazi yako imekwenda; hifadhi XCF kila hatua. Tena, kwa picha 200 kwa mpigo GIMP itakuchosha. Hapo natumia IrfanView, ya Windows, ya bure kwa matumizi yasiyo ya biashara: unabonyeza herufi B, unachagua folda, inapunguza zote. Lakini kuondoa ile manjano kwa uangalifu, picha kwa picha, narudi GIMP.

Zile picha 12 nimezirudia zote. Ukurasa umetoka mega 48 mpaka mega 2 na nusu hivi. Huu hapa nimeufungua kwenye simu ndogo ya mama mdogo wangu, kioo kina ufa. Subirini… imetokea. Nakuza kwa vidole. Élisabethville inasomeka, herufi kwa herufi.